Viatu Namba Thelathini na Nane

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, mkubwa na mdogo. Natumaini kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia, na kwamba kazini hawakumalizi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na bado anabishana na redio, shemeji yako ni mzima, na wapwa zako wawili wanachafuka kwa bidii kila siku. Mgonjwa ni mimi peke yangu, tena mguu mmoja tu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nina sababu mbili na utaziona zote kabla sijaweka kalamu chini. Nivumilie tu, maana leo situlii. Mistari hii naiandika nimesimama, kwenye meza ya kukatia vitambaa kazini, na nimeshaiacha mara mbili nikaenda mlangoni na kurudi bila sababu.

Mbio ni Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi. Ni zile zile za kilometa sitini na tano, milima miwili na msitu katikati, lami huioni. Leo ni Jumatano. Unakumbuka nilivyokusimulia mwaka jana: nilifika kituo cha mwisho dakika nne baada ya kufungwa, bwana mmoja mwenye filimbi akaniomba radhi huku akiikata namba yangu kifuani kwa mkasi, nikarudishwa mjini juu ya gari la mapipa ya maji. Mwaka mzima nimekimbia kwa sababu ya dakika nne hizo. Na sasa, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kano ya kisigino cha kulia ikavimba, nikawa nateremka kitandani kama bibi kizee.

Nilikwenda kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo, chumba chake kiko juu ya duka la vioo. Alinibonyeza mpaka nikaona nyota, kisha akatoa amri: nisikimbie, nisipande ngazi bila sababu, niweke barafu mara tatu kwa siku. Akanipa na mtihani. Nisimame kwa mguu wa kulia peke yake, nishike ukuta, nipande kwa vidole na kushuka taratibu. Ijumaa nikifikisha ishirini bila maumivu, niende. Nikifika kumi na tisa, nikae nyumbani. Nilimbembeleza anipunguzie mpaka kumi na tano, akanijibu kwamba milima haitanipunguzia, na yeye haoni kwa nini anipunguzie.

Kaka, kukaa ndiyo kazi nisiyoiweza. Kutwa natengeneza makochi ili watu wakae, mwenyewe kukaa sijui. Mguu wa kulia ndio wa kukanyagia cherehani, kwa hiyo nimehamia wa kushoto, na juzi nimeshona mto wa mteja mshono ukaenda upogo kutoka kona hadi kona. Fundi mkuu aliuinua mbele ya wenzangu akasema anaona mto huu nao umejiandikisha kwenye mbio. Nyumbani ni hivyo hivyo. Naosha vyombo kwa mguu mmoja, nimepanga kabati la nguo mara tatu, na shemeji yako ameniomba kwa heshima zote niache kuhesabu kwa sauti nikiwa nimeshika ukuta wa chumbani, kwa sababu sasa anahesabu mpaka usingizini.

Juma lililopita yule mama wa viungo alitaka kuona viatu ninavyokimbilia. Nikampelekea. Akavigeuza, akavikunja, akaingiza mkono ndani, akasema vimechoka lakini haoni kosa lake, na kwamba hajaelewa kano imepatia wapi matatizo. Nikamwambia niliteleza kwenye jiwe. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ndivyo nilivyokuambia na wewe kwenye simu.

Sikuteleza, kaka. Na viatu nilivyompelekea ni vile vya zamani.

Ulipomtuma yule rafiki yako na kifurushi, mama ndiye aliyekifungua. Alivishika vile viatu vya rangi ya machungwa, akatazama namba chini ya soli, akakaa kitako sakafuni akalia. Akasema wewe miaka kumi na moja hujamwona dada yako na bado unakumbuka namba ya mguu wake. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshavipeleka kwa jirani wa kulia na wa kushoto, na kote alisema maneno yale yale. Ningemwambiaje? Thelathini na nane nilivaa ulipokuwa ukiondoka. Nimezaa mara mbili tangu hapo, kaka, na kila mimba imeuongeza mguu. Sasa navaa arobaini.

Nikavivaa. Miezi miwili nimepanda na kushuka milima vidole vimekunjwa, nakanyaga vibaya ili visigonge mbele, mpaka kucha mbili zikang'oka na kisigino kikaelemewa. Kila ulipopiga simu ukauliza kama vinanikaa, nilijibu vinanikaa kabisa, na zile picha nilizokutumia nilikuwa nimeuma meno. Sikutaka ujue kwamba mguu unaoukumbuka haupo tena. Iliniuma zaidi ya kucha, na ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuandika: kwenye simu nikisikia sauti yako ningedanganya tena.

Jana jioni nilitandika karatasi ya kahawia sakafuni, ile tunayokatia vipimo vya makochi, nikaweka mguu, nikaanza kuuchora nikuletee. Mama akaingia akanikuta. Nikamweleza yote. Akavua kandambili zake, akaweka mguu wake kando ya wangu, akaniambia nimchore na yeye, kwa sababu hata miguu yake si ile uliyoiacha. Wapwa zako kuona hivyo wakapigania nafasi iliyobaki. Hiyo ndiyo sababu ya pili: karatasi hii haipiti kwenye simu.

Viatu vyako usivisikitikie. Mama alivijaribu, vikamkaa. Alizunguka navyo sebuleni mara nne, akajitazama kwenye kioo cha kabati, na tangu jana hajavivua isipokuwa kulala. Jumamosi atasimama navyo kituo cha tatu akiwa na chupa ya maji, na nimemwahidi nikifika pale kisigino kinalalamika nitamkabidhi namba yangu mwenyewe, asiikate mtu mwingine. Mimi nitavaa vile vya zamani. Leo asubuhi nimefikisha kumi na saba. Ya kumi na nane iliuma, na sitaihesabu.

Utakapoisoma barua hii mbio zitakuwa zimepita na utakuwa umeshasikia. Wasalimie wote unaoishi nao. Mama anakusalimu na kukuombea, shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wanataka ujue kwamba mguu wenye alama ya jamu ni wa yule mdogo.

Tunza karatasi, kaka, lakini usitume tena kitu kwa mkono wa mtu. Miguu ya watoto inabadilika kila baada ya miezi michache. Njoo uipime mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Kiguu na Njia