Ngwe Yangu ya Pamba

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Huku Dimani hatujambo. Mama yako amepona mguu, na vuli imeanza vizuri. Umeniuliza kwa nini nilikataa zawadi ya kikundi chetu cha bustani, na mboga zangu ndizo zilizoshinda.

Mwaka vilipozuka Vita vya Maji Maji nilikuwa msichana kwetu bara, kusini, kabla sijahamia huku Unguja. Wajerumani walitulimisha pamba kwa nguvu, kila mmoja ngwe yake, chini ya msimamizi wao. Wanawake tukakubaliana kuchemsha mbegu zisiote. Mimi niliogopa, nikapanda zangu mbichi, nikanyamaza. Ikaota ngwe yangu peke yake, msimamizi akajua. Wenzangu wakachapwa. Mimi nikapewa kanga, nikaipokea mbele yao.

Hata leo mbegu zangu zikichipua, natazama kwanza za wenzangu. Zao zikiwa bado, naona haya kumwagilia zangu.

Bibi yako