Mpunga Ulioota Darini kwa Mwajabu

Maparoni, Rufiji
Mwezi 20 Mfunguo Pili, 1323

Mpendwa kaka yangu Mshamu,

Kabla hata sijakuamkia, nakwambia kwanza: nimemkosea dada yetu Mwajabu. Na wewe nimekukosea, maana siku unaondoka kwenda Unguja uliniachia neno moja tu, nyumba ya dada isivuje. Imevuja, kaka, tena kwa ajili yangu.

Haya, sasa shikamoo. U hali gani huko? Kile kifua kimepoa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Najua mmesikia habari za vita hii ya maji, mkahangaika. Msiwe na hofu tena. Mapigano yamehamia juu huko milimani, na hapa watu wamerudi mashambani. Ukoo wetu hatujazika mtu.

Sasa nikueleze kosa langu.

Kusi ya safari hii ilikuja na nguvu. Makuti ya Mwajabu yalikuwa yamechoka na kamba zimeoza, basi upepo ukaingia chini yake ukayafumua upande mzima. Dada akaja kwangu: "Kondo mdogo wangu, nipandie juu uniezekee kabla ya vuli."

Nikaogopa. Hili sikumwambia mtu. Mwaka jana, nikiezeka banda la jirani yetu Semeni, pao lilikatika chini ya mguu wangu nikabaki naning'inia kama popo, watu wanacheka. Tangu siku ile sijakanyaga ngazi. Mtu mzima na ndevu zangu, nitasemaje? Nikamwambia, "Dada, miye nimekunywa ile dawa ya maji. Aliyekunywa hapandi juu ya nyumba mpaka vita iishe. Ndio mwiko wetu."

Uongo mtupu. Sikunywa hata tone. Lakini waliokunywa walikuwa na miiko mingi wakati ule, hakuna aliyewahoji. Mwajabu alinitazama tu, akasema, "Mwiko huo umeuchagua vizuri," akaenda zake.

Vuli ikanyesha. Dada akawa anahamisha mkeka kutoka pembe hii kwenda ile, vyungu vyote vinakinga maji badala ya kupika. Mpunga wake wa mbegu aliouweka darini ukalowa, ukaota. Mimi nikawa napita njia ya nyuma nisiione nyumba.

Semeni naye, mdomo wake unaujua, akaeneza habari kwamba Kondo kanywa maji. Vijana wakaanza kuniamkia kwa adabu. Nikanyamaza. Tena nikafurahi.

Mpaka askari wa Mdachi walipofika. Walikuwa wanatafuta waliokunywa, na jina langu likatajwa kwanza. Wakanifunga mikono mbele ya watu. Kaka, waliochukuliwa hivyo kijiji cha jirani hawakurudi, nami nilijua. Nikaapa sikunywa. Shaushi, mkubwa wao, akasema kila mtu anaapa hivyo hivyo.

Ndipo Mwajabu akatoka na ungo wake mkononi.

"Huyu?" akamwambia shaushi. "Huyu akanywe dawa ya vita? Mvivu huyu, bwana! Kasema kanywa ili asiniezekee nyumba. Njoo uone mwenyewe!"

Akatangulia, shaushi akamfuata, mimi naburutwa nyuma. Ndani kulikuwa na mwanga kama uwanjani. Juu darini mpunga umesimama kijani, unacheza kwa upepo.

Shaushi akatazama juu, kisha akanitazama mimi. "Huyu nduguyo kweli?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Mchukue ukitaka, lakini aniezekee kwanza."

Wakacheka, mmoja mpaka akakaa kizingitini. Shaushi akaniuliza, "Wewe mvivu?"

"Mvivu sana, bwana," nikajibu upesi.

Wakanifungua, wakaenda zao. Mimi nikalia. Mwajabu hakunibembeleza hata kidogo: "Futa makamasi. Kamba waliyokufungia wameiacha, iokote, itafaa kufungia makuti."

Juzi nilimweleza ukweli, kwamba haukuwa uvivu, ulikuwa woga. Akasema, "Si ungesema tu? Ningekushikia ngazi." Kaka, tangu hapo nalala usingizi.

Kazi imeanza. Mapao mapya ya mikoko nimekwishayakata. Makuti tumeyaloweka kwenye maji ya chumvi wadudu wasiyale, na mke wangu Mwamini anayasuka pamoja na wenzake. Safari hii tunayabananisha, na upande wa kusi kila kuti linafungwa mara mbili. Dada naye kasema moto wa jikoni hautazimika, moshi uyakaushe. Mbegu nimemgawia katika zangu.

Barua hii anaichukua Haruni, nahodha wa jahazi, anakuja huko na boriti. Mkarimu, katusaidia sana kubeba miti. Nisalimie shemeji Mwanamina, mwanao Khamisi na shangazi Sikudhani. Mwamini anakusalimu. Semeni pia anakusalimu, ila anasikitika vijana hawaniamkii tena. Mwajabu anasema usinigombeze, keshanigombeza yeye ya kutosha. Mungu akuondolee kikohozi, akufungulie riziki, atukutanishe tukiwa na afya.

Na wewe nakuahidi hivi, umuulize hata Haruni akija tena huko: siku ya Arafa, mwezi tisa Mfunguo Tatu, kabla ya adhana ya magharibi, nitapanda mimi mwenyewe mpaka mgongoni kwa paa. Sitamtuma mtu. Dada atashika ngazi, nami nitafunga kuti la mwisho kwa mkono wangu, ili Idi imkute amelala pakavu.

Mdogo wako akupendaye,
Kondo