Nyumba Tisa Nilizozipita

Liuli, Wilaya ya Nyasa,
11 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Lidia,

Kwa jina la Mungu aliyetuhifadhi hata leo, nakusalimu. Shikamoo uliyomtuma Tumpe imenifikia, marahaba, mwanangu. Kifua chako kimepona? Huku tu wazima, ila goti la mama yako mkubwa Beatha bado linamsumbua.

Nakuandikia bila amani, kwa jambo lisilosemeka kwa simu.

Ulipokuja kwa utafiti wako wa lishe ya watoto, uliandika namba za kaya zote kwenye vijikaratasi, ukavichanganya kikapuni, tukachota arobaini. Kura ile niliiombea mwenyewe mbele ya watu. Kisha ukaniachia orodha, niwaongoze wasaidizi wako, Tumpe na mwenzake, nyumba kwa nyumba.

Sikuwapeleka kote. Nyumba tisa hazikuwa na kiti cha kumkalisha mgeni, nami niliona haya, kwa wenyeji na kwa jina la kijiji. Namba 57 ilikuwa ya Otilia, yule mjane. Niliwaingiza kwa jirani yake Ladislaus, mwenye makochi na ng'ombe wa maziwa. Vijana niliwaambia ndiyo yenyewe. Nilidhani arobaini ni arobaini tu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Otilia alinishika mkono. "Baba Katekista, namba yangu si ilitoka? Nimefagia uwanja mara mbili, wageni wakaenda kupima makochi! Makochi nayo yanakonda?" Wanawake wakacheka. Mimi nilimtazama mjukuu wake mgongoni. Niliuzungushia mkono wa mtoto huyo vidole viwili, vikapitana.

Tangu siku hiyo usingizi wangu ni haba. Tumpe anasema taarifa itafika wilayani mwisho wa mwezi, na kijiji kitakachoonekana kimeshiba hakitapata unga wa lishe. Ikiwa imekwisha kwenda, nimewanyima watoto chakula ili nisiaibike.

Namba nilizoziruka ni 9, 14, 31, 32, 57, 70, 88, 103 na 116. Usianze kwa kunifariji, mwanangu. Izuie taarifa kwanza, kisha urudi upime tena. Nitakuongoza kwa kufuata karatasi. Otilia nimemwomba asiazime kiti kwa mtu, tutakaa mkekani.

Msalimu mumeo Jastin na watoto. Bwana ailinde nyumba yenu, na mezani penu asikosekane mtu wala chakula.

Wako akupendaye, angojaye jibu kwa hofu,
Baba yako mkubwa,
Nathaniel.