Majani ya Shukuru, Kona ya Mvule

MAELEZO YA SHAHIDI
Ajali ya barabarani, barabara ya Kiroka kwenda Mkuyuni

Jina: Shukuru Bonifasi Mkude
Umri: Miaka 34
Kabila: Mluguru
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Biashara ndogondogo (ndizi, mananasi)
Makazi: Kiroka
Tarehe na saa: 14/11/1994, saa 3:20 asubuhi

Nimeambiwa niseme kweli na nikisema uongo nitashitakiwa. Nimeelewa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu.

Mimi nilikuwa kiwandani hapa mjini hadi mwaka 1991, tulipopunguzwa. Nikarudi Kiroka, nikaanza kuuza matunda barabarani. Meza yangu iko Kona ya Mvule, pale ukitoka Kiroka unaanza kuteremka kwenda Mkuyuni. Kila mtu anaijua. Anayesema haijui basi hajawahi kula nanasi.

Tangu ruksa ya kuagiza mali nje iingie magari yamekuwa mengi, afande. Zamani unaweza kukaa siku nzima likapita lori la ushirika na baiskeli ya katekista. Siku hizi pikapu zinakuja zina maandishi ya Kijapani ubavuni, hata mwenye gari hajui ameandikwa nini. Lakini hazisimami. Zinapita, zinaniachia vumbi, nakuwa mweupe kama mtu aliyefufuka.

Sasa nieleze habari ya majani, maana ndiyo iliyonileta.

Gari likiharibika barabarani, dereva anakata matawi anayaweka nyuma, hatua thelathini au arobaini, fungu moja na lingine na lingine. Anayekuja akiona majani anajua mbele kuna gari bovu, anapunguza mwendo. Hata mtoto wa Kiroka anajua. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikawaza: kumbe dereva anaogopa majani kuliko anavyopenda mananasi. Basi nikakata matawi ya mjohoro.

Kwanza niliyaweka kwenye barabara ya shamba la mzee Chandulal, malori ya mkonge yanapotokea. Mlinzi wake akanifukuza na rungu. Akasema, "Wewe, hii barabara ina mwenyewe. Kaweke upuuzi wako kwenye ya serikali." Nikaona ana akili. Ya serikali ni ya wote, na mimi nimo. Nikahamia Kona ya Mvule.

Ilifanya kazi. Dereva anashika breki, anachungulia lori bovu, anamkuta Shukuru na nanasi kila mkono. Namwambia, "Shikamoo bosi, gari lililoharibika ni mimi, nisukume kwa mia mbili!" Wengi walicheka, wakanunua. Wengine walinitukana, na hao nao walinunua.

Ilipofika Pasaka madereva wa njia hii walikuwa wameshazoea. Wakayaita majani ya Shukuru. Wakifika wanapiga honi mara mbili kunisalimia, wanapita juu yake. Mimi sikuacha kuyaweka. Wageni walikuwa bado wanasimama.

Abel ndiye aliyekuwa na utani kuliko wote. Anaendesha pikapu nyeupe ya kubebea viazi na kabichi. Akiyakanyaga anatoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Shukuru, nimekutwangia kisamvu! Tia nazi!" Nami namjibu, "Njoo ule basi, mwizi wewe!" Kila siku, kwenda na kurudi. Ningekuwa mgonjwa nisiende kazini, nafikiri angemtwangia mwingine.

Mnamo tarehe 12/11/1994, siku ya Jumamosi, nilifika kwenye meza yangu kama saa 4 asubuhi. Siku hiyo sikuweka majani, nilikuwa sijanoa panga. Saa 7 na nusu mchana lilipita lori la bluu la mzee Athanas Banzi, limebeba ndizi. Likavuka kona, nikasikia kishindo chini yake, likasimama hatua kama arobaini kutoka kwangu. Propela shafti, kile chuma kirefu cha chini kinachozungusha magurudumu, ilikuwa imechomoka.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba mwanangu. Umeona kizee mwenzangu kilivyonifanyia?" Alikuwa analisema lori. Akamtuma utingo wake adandie gari la kwanza aende Mkuyuni kutafuta bolti. Yeye mwenyewe akaweka mawe kwenye magurudumu, yote manne, nimeona kwa macho. Halafu akaniambia, "Una panga, nikatie majani uyaweke kule juu. Mimi miaka thelathini sijawahi kulala chini ya gari bila majani."

Hapo, afande. Hapo nilitaka kumwambia, mzee, majani ya kona hii hayaogopwi, nimeyaharibu mimi. Nikaona ataniuliza kwa nini, na ni mzee, na nilizoea kumchekesha. Nikamwambia, "Mzee, nitakuwekea shamba zima." Akacheka. Akaingia chini ya lori, miguu ikabaki nje.

Nilikata matawi matatu makubwa kwa panga lile lile butu. Nikayaweka pale pale ninapoyaweka siku zote, karibu na meza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Yalipita magari mawili. La kwanza, Land Rover, dereva simjui, alipunguza, akalizunguka lori vizuri. La pili lilikuwa la mtu anayenijua. Alipiga honi mara mbili, akakanyaga majani, akashtuka alipoona lori, akalikwepa kwa nafasi ndogo sana. Mzee alisema kutoka chini, "Huyo vipi?" Nikamwambia, "Amelewa huyo."

Hakuwa amelewa.

Pale nilijua. Nikavua shati ili nikasimame katikati ya barabara nilipunge. Nilikuwa nimelishika mkononi. Akaja mteja, mama Scholastika wa kule bondeni, anataka mananasi matatu ya msiba. Tukaanza kubishana bei. Akaniambia, "Baba, vaa shati kwanza, unauza nanasi au kifua?" Nikacheka, nikalivaa.

Kama saa 8 na robo nilisikia honi mara mbili nyuma yangu. Sikugeuka. Mkono nikauinua hivi, kwa mazoea. Nikamsikia Abel, "Nimekutwangia kisamvu!" Kwenye "Tia nazi" hakufika.

Umeniuliza mwendo wake. Ulikuwa wa haraka, ule ule wa kila siku. Sitasema alikuwa anakwenda taratibu. Habari za leseni yake sizijui. Breki niliisikia, lakini baada ya kona, siyo kabla.

Pikapu ililigonga lori nyuma upande wa kulia. Lori likayaruka mawe, likasogea mbele. Nilikimbia. Nilivuta miguu ya mzee, kisha nikaacha kuvuta. Kiatu kimoja kilinibakia mkononi. Nimekuja nacho, kiko kwenye huo mfuko.

Abel alishuka, akakaa chini barabarani. Alikuwa na damu usoni, ya kwake. Akaniangalia, akaniuliza, "Shukuru, yalikuwa ya kweli?"

Nikageuka, nikaangalia juu kule kwenye majani.

Watu wakaanza kuja. Mtu mmoja akasema askari wa usalama barabarani wanakuja. Mimi nikarudi juu, nikakusanya yale matawi yote matatu, nikayatupa korongoni nyuma ya mvule. Ndiyo maana askari walipofika saa 10 hawakuona majani, wakaandika kwamba lori halikuwa na alama yoyote. Mama Scholastika alikwishaondoka, utingo hakuwepo, na Abel alikuwa hasemi kitu. Waliponiuliza mimi, nilisema sikuwa naangalia.

Jana Jumapili tulimzika mzee Athanas. Nilichimba kaburi, maana ni jirani. Makaburini watu walikuwa wananong'ona kwamba mzee alijitakia, uzee ulimfanya asahau majani. Mkewe, bibi Yustina, akasikia. Akaja mbele yetu sisi wachimbaji akauliza, "Jamani, mume wangu miaka thelathini barabarani. Kweli alisahau majani?" Akaniangalia mimi, akasema, "Shukuru, wewe si ulikuwepo pale?" Nikamwambia, "Bibi, ngoja nimalizie udongo."

Usiku sikulala, asubuhi nimekuja.

Umenisomea kwamba dereva akiendesha kwa hatari akaua mtu anafungwa na kunyang'anywa leseni. Halafu umeniambia kuweka vitu barabarani bila sababu nako ni kosa, na kuficha ushahidi ni kosa lingine. Nimesikia yote. Sina la kutania hapo. Abel alikimbiza gari, hilo ni lake. Lakini majani aliyaona. Hakuyaamini tu, na aliyemfundisha kutoyaamini ni mimi.

Naomba mwandike kwamba mzee Athanas hakusahau. Aliagiza majani na yaliwekwa. Mwandike kwa herufi kubwa kama inawezekana, bibi Yustina haoni vizuri.

Niliyoyaona na niliyoyafanya yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: Sh. B. Mkude

MAELEZO YA MPOKEAJI
Mimi Sajenti Hidaya nimeandika maelezo haya kama yalivyosemwa na kumsomea. Alipokwisha kutia sahihi nilimwonya kwamba kuanzia sasa anahojiwa kama mtuhumiwa. Alijibu: "Sawa, afande."

Saa 6:10 mchana alituongoza Kona ya Mvule. Matawi matatu ya mjohoro yamepatikana korongoni, yamenyauka, mawili yana alama za tairi. Yamechukuliwa kama kielelezo pamoja na kiatu.

Ili kupima umbali wa kuona, niliamuru matawi mabichi yawekwe mahali alipoonyesha, na gari la polisi lisimame lilipokuwa lori. Saa 6:40 ilikuja pikapu ya kijani kutoka Kiroka. Ilipiga honi mara mbili, ikapita juu ya matawi bila kupunguza mwendo, ikasimama mita mbili kutoka gari letu. Nilimuuliza dereva kama hakuona majani.

Alijibu: "Nimeyaona, afande. Si ya Shukuru hayo?"