Nguzo ya Nne

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeiona tena ile nyumba ya mbao, uchochoro wa nyuma ya soko la Kotagede. Paa linavuja, sakafu imebonyea — na naitaka! Nikamwambia kaka Tejo. Akacheka hadi akapaliwa na chai: eti nimeokota gofu. Mama hakucheka. "Msichana hajaolewa, ananunua mchwa! Kuta atapewa bure." Sawa. Nina miaka ishirini na saba, mshahara wa ualimu ni wangu. Naitaka.

Jumatano, 6 Novemba
Kwa Fundi Paiman, aliyefanya kazi na marehemu baba. Sikufuata baraka, nilifuata ushauri. Akasema nyumba kuukuu usiitazame jua likiwaka, hujipamba. Nenda mvua ikinyesha. Nguzo gonga zote. Na jirani muulize kabla ya mwenye nyumba. Akaniazima bisibisi yake.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua! Nimetoka shule mbio. Paa linavuja mahali panne, si pawili kama alivyosema mwenye nyumba, Bwana Darsono. Hilo si neno, ni vigae tu. Nguzo tatu kubwa, mtiki tupu — ko! ko! Ya nne ikalia kama boga. Bisibisi ikazama hadi mpini. Jirani, Bibi Sarjiyem, akachungulia dirishani: "Ahaa, umeiona, mjukuu wangu! Darsono aliipaka rangi mwezi uliopita."
Nimelia kidogo. Hasira, si huzuni.

Ijumaa, 8 Novemba
Fundi anasema nguzo hubadilishwa — lakini mwongo habadilishwi. Kila kitu kiandikwe. Nimemwambia Darsono: badilisha nguzo kwanza, la sivyo hakuna saini. Akatabasamu. "Binti, njoo na kaka yako tuzungumze kiume." Nikamjibu nguzo imeoza, haijali nani mwanamume.

Jumatatu, 11 Novemba
Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisini kwa wakili. Mkataba umeletwa mara mbili, na mara zote mbili habari ya nguzo haimo! Nimeurudisha. Darsono anadai yupo mnunuzi mwingine — ama sasa ama basi.
Basi! Nimesema basi.
Ametoka nje, anazungukazunguka na simu mkononi. Hapigi.
Mlango umefunguliwa — Mama! Hajasema nami tangu siku ile ya mchwa. Ameketi kando yangu, kavua viatu, kafungua wali uliofungwa kwa jani la mgomba. "Kula, Wening," kasema, kwa sauti ya kumfikia Darsono huko nje. "Sisi leo hatuna pa kwenda, tutangoja."