Tuzo ya Binamu Wabuge

Langas, Eldoret
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka Lusweti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la Doha unalivumiliaje, na lile goti limepona? Sisi tuko wazima. Mvua imenyesha vizuri, na mahindi ya Mama kule Chepsaita yamefika kifuani.

Ulimpongeza binamu yetu Wabuge kwa tuzo yake kwenye kundi la familia, ukauliza mbona mimi nimenyamaza. Kwenye kundi Baba Mkubwa anasoma kila kitu, na Wabuge ni mwanawe. Ndiyo maana nakuandikia barua.

Tuzo ile inasema kwamba Daktari Wabuge amewaelimisha wahudumu wa afya kazini kwa miaka tisa. Kaka, mimi ni nesi katika hospitali hiyo hiyo. Kwa miaka hiyo tisa nimemwona darasani kama mara sita, na kila mara alikuja na mpiga picha. Anasimama mbele, anashika kalamu ya ubao, anapigwa picha, anaenda kunywa chai. Hata somo la siku hiyo halijui.

Anayefundisha ni Daktari Benta Akumu. Kila Alhamisi saa moja asubuhi, kabla ya zamu, anatukusanya kwenye stoo ya magodoro. Ana mdoli wa plastiki wa kutuonyesha jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Ni watoto wangapi wanaotembea leo kwa sababu ya ile stoo, sijui. Wabuge naye hajui, lakini ripoti za mwaka ndiye anayeziandika, basi jina lililofika juu ni lake.

Sherehe ilifanyika Ijumaa, tarehe 7, katika hoteli moja hapa mjini. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, shingo ameinyoosha kama jogoo, akajisifu dakika arobaini. Alipomaliza, mgeni wa heshima, mama mmoja daktari kutoka Nairobi, akamwambia kwa upole, "Daktari, hebu tuonyeshe kidogo unachofundisha." Mdoli kama ule wa stoo ukawekwa mezani pamoja na vifaa vyake.

Wabuge aliweka kifuniko cha hewa, kile cha kufunika pua na mdomo, juu chini. Kikafunika macho, mdomo ukabaki nje. Hata wahudumu wa hoteli walisimama na sahani zao wakitazama.

Akacheka, akasema, "Dada yangu Nekesa ni mwanafunzi wangu. Atawaonyesha." Nilipofika karibu akaninong'oneza, "Nifichie aibu. Sisi ni damu moja."

Nilichukua maikrofoni. Nikasema, "Aliyenifundisha kazi hii ni Daktari Akumu. Hayupo hapa kwa sababu hakualikwa." Kisha nikaweka kifuniko mahali pake, nikafinya mfuko wa hewa uliounganishwa nacho mpaka kifua cha mdoli kikainuka.

Usidhani alinyang'anywa tuzo. Ameitundika sebuleni. Mimi nimepewa barua ya onyo kazini, na Baba Mkubwa amesema nisikanyage kwake Sugoi. Sitakanyaga. Mtu anayechukua jasho la mwenzake, kisha anataka undugu umfunike, simwoni kuwa mkubwa hata akivishwa medali mpaka magotini.

Alhamisi iliyofuata sherehe nilimsimulia Daktari Akumu yote, nikidhani atanishukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama nilikuwa nahesabu nilipofinya, maana pumzi za mtoto hupewa kwa hesabu. Nikakiri kwamba sikuhesabu.

Akanisogezea mdoli. "Basi anza tena," akasema, "na uhesabu kwa sauti." Wenzangu wote wakasogea kutazama, nami nikaanza.

Mama anakusalimu sana, pia dada yetu Nanzala na watoto wake. Nisalimie wifi yangu Mildred. Mungu akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Nekesa