Ujumbe Uliofunika Mlinganyo

Burnsville, Minnesota

Mdogo wangu Neema,

Mama anaamkaje siku hizi? Anakula, au anaonjaonja tu ili akuridhishe? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na nusu ya ugonjwa wake ni wewe. Tangu tumzike baba (nasema tumzike, ingawa mimi nilikuwa huku nasubiri vibali) huniandikii wala hupokei simu zangu. Shangazi ameniambia sababu: umesikia ujumbe wako ulitokea ukutani mbele ya wanafunzi wangu, ukaona umeniaibisha. Basi nisikilize mimi mwenyewe, maana habari ya kupokezana huongezwa chumvi.

Mbao za kuandikia za chuoni kwetu ziling'olewa likizo iliyopita. Nilisikitika, wenzangu wakanicheka. Wewe unajua baba alivyonifundisha kushika chaki, kuivunja kati isipige kelele, kutembea na mstari badala ya kuunyooshea mkono. Sasa naandika hesabu kwa kalamu ya plastiki kwenye kishikwambi, nimekaa, maandishi yanatokea makubwa ukutani nyuma yangu. Yote yanarekodiwa, asiyekuja ataangalia akiwa kwao. Theluji ikianguka, nusu ya darasa haiji.

Walimu wenzangu huzima ujumbe wote unaoingia kwenye kishikwambi kabla ya kipindi. Mimi sikuzima. Baba alikuwa wodini, ningezimaje? Kosa hilo, kama ni kosa, ni langu, na ningelirudia.

Ilikuwa saa nne asubuhi, huko kwenu jua linazama. Nikaona macho ya wanafunzi yamepanda juu ya kichwa changu. Nikageuka. "Kaka, baba ametutoka." Herufi kubwa kuliko zangu. Kijana mmoja akainua mkono kwa adabu, akaniomba nikiondoe hicho kiboksi, kimefunika mlinganyo.

Nikakiondoa. Neema, nilimfuta baba kwa kidole, nikaendelea kufundisha.

Enzi za ubao mwalimu alikuwa na mgongo. Ningewageuzia huo, nikajifanya natafuta dasta, nikajifuta uso. Huku mwalimu amekaa anatazamana nao, hana pa kujificha. Nikashika ile kalamu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Kipindi kilipoisha alibaki binti mmoja, wazazi wake ni wakimbizi kutoka Kongo. Alikuwa analia. Akasema, "Mwalimu, nimeisoma. Pole sana. Kwetu mutu akifiwa hafundishe." Nikamjibu kwetu pia hafundishi. Akanishika mkono mpaka kwenye maegesho, akasimama pale hadi nikapata nguvu ya kuendesha gari. Kwa hiyo usidhani nililia peke yangu.

Juzi mama mmoja anayeshughulikia video za idara aliniita. Ni mtu mwema, alitaka kunisaidia. Alisema anaweza kukata kipande kile, kisha akanionyesha kitakavyokuwa. Mkono wangu ukatoka mstari huu ukaingia unaofuata, sauti imetulia, somo linakwenda vizuri kabisa. Hakuna aliyefariki. Hapo ndipo nilipolia kwa sauti, ofisini kwa watu. Nikamwomba akirudishe, akakirudisha.

Kwa hiyo ujumbe wako upo, na utabaki. Hukuniaibisha. Ungeniletea habari ile kwa njia gani nyingine? Kama ningeisikia kwa mtu mwingine kabla yako, hapo ndipo ningekulaumu.

Msalimie sana mama, mwambie nitakuja vibali vikitoka, hata kama ni kwa siku chache. Mpe pole shangazi anayelala naye, na mjomba aliyetupa udongo kaburini kwa niaba yangu, mwambie mkono wake ulikuwa wangu.

Nawe nipigie, Neema. Nikiwa darasani nipigie vilevile. Safari hii nitaweka kalamu chini.

Kaka yako akupendaye,
Elia